Unga Uliokuwa na Haraka

Jina lake la kuzaliwa mtaa ulishalisahau. Wote walimwita Nyuzi, kwa sababu ungeanza naye habari yoyote ile, mwisho wake ingekuwa nyuzinyuzi. Mpe habari ya harusi, atakuuliza wageni walilishwa nini. Mpe habari ya mgonjwa, basi umekwisha, vuta kiti ukae. Fundi cherehani wa chumba cha jirani hakuchoka kumtania. "Dada Nyuzi, leo tena kaja mtu kwangu anataka nyuzi za tumbo. Nimpe za rangi gani?"

"Mpe nyeusi, zifanane na roho yako," Nyuzi humjibu, na wote wawili hucheka.

Alikuwa akiuza unga. Si unga wa kupikia, na ole wako uuite hivyo mbele yake. Ulikuwa unga wa ndizi mbichi uliochanganywa na shayiri. Ndizi alizimenya mwenyewe zikiwa kijani kabisa, akazikata vipande vyembamba, akazitandaza kwenye trei ndani ya chumba chenye feni, akazisaga zikishakauka na kuvunjika kwa kelele. Jua kali hakulitaka, oveni ndiyo kabisa. Na mteja alionywa asiutie jikoni: upike uji wako, uupue, uuache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo ukoroge kijiko cha unga.

"Ukiutia motoni umewaua kwa njaa," alikuwa akisema.

"Nimewaua kwa njaa akina nani?"

"Mifugo yako!"

Hapo ndipo alipopapenda. Angekueleza kwamba kila binadamu anafuga. Ndani ya utumbo mpana mna bakteria wasiohesabika, wapo wakorofi na wapo wema, na wale wema wanakaa mwisho kabisa wa njia. Nyama, sukari na mkate mweupe vinaishia juu huko, mwili unavichukua wenyewe. Kinachowafikia wale wa chini ni kile tu ambacho tumbo limeshindwa kukisaga, yaani hizo nyuzinyuzi za mimea na wanga wa ndizi mbichi usioguswa na moto. Wakishiba wanakurudishia fadhila, wanaulisha ukuta wa utumbo wako na kuwabana wakorofi. Usipowapa kitu, wanapungua, na tumbo linakuwa nyumba isiyo na mwenyewe.

Maneno haya hakuyatoa hewani. Alifundishwa kliniki, mama yake alipougua. Mama alikuwa amepata maambukizi mabaya, akameza dawa za kuua vijidudu kozi baada ya kozi. Maambukizi yakaisha, tumbo nalo likagoma. Leo linafunga, kesho linafunguka lote, keshokutwa limevimba kama limepigwa pampu. Mtaalamu wa lishe akamwambia Nyuzi kwamba dawa haichagui, imeua wabaya na wema pamoja, sasa kazi ni kuwalisha wema waliobaki, kidogo kidogo, bila papara. Nyuzi akaanza na ndizi mbichi jikoni kwake. Kijiko kimoja, maji ya kutosha, subira. Wiki za mwanzo mama alijamba mpaka akaona aibu kukaa sebuleni, na Nyuzi akawa anapiga makofi kila akisikia, eti mifugo imeamka. Mwezi wa pili mama akarudi kuwa mama. Akanenepa mashavu, akaanza tena kugombana na redio.

Ndivyo biashara ilivyozaliwa. Na kwa kuwa watu hawaamini unga wa mtu, Nyuzi akaanzisha utaratibu wake. Kila asubuhi duka likifunguliwa, mama aliketi mlangoni na bakuli lake la uji uliopoa. Mteja wa kwanza aliingia ndani, akachagua pakiti yoyote aitakayo rafuni, akaikata mwenyewe, na Nyuzi akachota kijiko humo na kumkorogea mama mbele ya wote. "Ninachokuuzia ndicho anachokula mama yangu mzazi," alisema. Hakuna tangazo la redioni ambalo lingeweza kushindana na hilo. Watu walimwona yule mama anavyong'aa, wakanunua.

Nyuzi alikausha na kusaga. Kupakia na kuuza alimwachia mdogo wake wa mwisho, Kitinda. Huyu alikuwa na maneno matamu, Mungu alimpa. Angekuuzia kivuli chako mwenyewe ukashukuru. Lakini kila alichoanzisha kilimfia mkononi. Saluni ilikufa, duka la mitumba likafuata, halafu mchumba naye akatoweka. Mama alikuwa amemlilia Nyuzi: mchukue mdogo wako, mpe kazi, atapotea huyu. Nyuzi akamchukua, akampa ufunguo wa chumba cha kupakia, na tangu hapo hakutia mguu wake humo. Angechunguza nini? Damu yake mwenyewe!

Mwaka ule biashara ilishika kasi ya ajabu. Wateja waliongezeka, pakiti zikawa haziwahi kupoa rafuni. Nyuzi alifurahi, akasema watu wameelimika. Mama naye akawa anainuka pale mlangoni kila asubuhi muda mfupi baada ya kula na kuelekea msalani haraka haraka. Nyuzi alifurahia na hilo pia, jamani! Alimtazama mama yake akikimbia akasema, "Mnaona? Mashine inafanya kazi."

Kisha mama akaanza kupungua. Mashavu yakaingia ndani. Akawa analalamika miguu inakaza, mara hana nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa. Nyuzi alifanya kitu ambacho ni yeye tu duniani angekifanya: akamwongezea unga. Kijiko kikawa viwili. Alikuwa na imani na unga wake kuliko macho yake.

Asubuhi moja mama alisimama kutoka kwenye kiti akaanguka palepale mlangoni, uji ukamwagika. Fundi cherehani ndiye aliyewahi kumbeba. Walimfikisha hospitali moyo ukidunda ovyo, unakimbia, unasimama, unakimbia tena.

Daktari alikuwa mwanamke mpole asiyepandisha sauti. Majibu ya damu yalipotoka alimwita Nyuzi kwenye korido.

"Madini ya potasiamu yameshuka vibaya sana," alisema. "Ndiyo maana misuli imelegea na moyo unadunda bila mpangilio. Mama anatumia dawa ya kuharisha?"

"Hapana."

"Una hakika? Hata majani ya kienyeji?"

"Daktari, mama anakula unga wangu. Nyuzinyuzi tupu."

"Nyuzinyuzi nazijua, na mimi nawashauri watu wale. Lakini hazimkaushi mtu madini namna hii. Mtu huyu ameharishwa, tena kwa muda mrefu. Nikikosea hapa tunampoteza."

"Haki ya Mungu, daktari, mama yangu hatumii kitu. Naapa kwa roho yangu."

Daktari akamtazama, akasema sawa, lakini aendelee kufikiri. Nyuzi akarudi wodini, akatoa pakiti kwenye mkoba, akaomba uji kwa wauguzi, akaupoza, akamkorogea mama vijiko viwili. Mama aliutazama uji ule kwa muda. Kisha akafungua mdomo akala wote, kijiko baada ya kijiko, macho yake yakiwa kwenye uso wa mwanawe.

"Mama, kuna dawa unakula kwa siri?" Nyuzi aliuliza akimfuta mdomo.

"Sina siri mimi."

"Daktari anasema unaharishwa."

"Daktari ni mtoto mdogo," mama akasema, akafumba macho.

Nyuzi hakuridhika. Alirudi nyumbani, akaingia chumba cha mama yake, akampekua. Ndiyo, alimpekua mama yake mzazi, kabatini, chini ya godoro, mpaka mifukoni mwa makoti ya zamani. Hakukuta hata kidonge cha kichwa. Alikaa kitandani akalia kwa aibu.

Alipopita dukani kuona kama pamefungwa vizuri, fundi cherehani alitoa kichwa nje kumuuliza hali ya mgonjwa. Nyuzi akamweleza. Fundi akatikisa kichwa, akasikitika, kisha kwa nia ya kumpa moyo akasema, "Atapona tu. Wewe una unga wa miujiza, bwana. Zamani nilikuwa naula naona kama nakula vumbi, wiki nzima choo mawe tupu. Lakini siku hizi! Nikila jioni, asubuhi nakimbia nimeshika suruali. Mke wangu ananicheka. Si mchezo ule!"

Nyuzi alisimama kama aliyemwagiwa maji ya barafu.

"Umesema asubuhi yake?"

"Asubuhi yake hiyohiyo. Tena tumbo linasokota kidogo."

"Tangu lini?"

"Aa, muda sasa. Tangu mwaka jana huko. Kwani mlibadilisha kitu?"

Unga wa ndizi mbichi haumkimbizi mtu asubuhi yake. Unatambaa. Kwanza unakujambisha, halafu unakutuliza, halafu siku moja unagundua kwamba umesahau kuwa una tumbo. Alikuwa akiyasema hayo kila siku, na watu walikuwa wakimwitikia "ndiyo, ndiyo," huku wakinunua kitu kingine kabisa.

Aliingia dukani, akachukua pakiti, akatandaza kitambaa chake cha kuchekechea juu ya beseni, akaumimina unga. Unga wake aliujua, ungepita wote kwenye kitambaa kile. Safari hii ulipita, na juu ya kitambaa yakabaki machicha ya kijani iliyofifia, vipande vya jani vilivyosagwa bila umakini. Akaweka kidogo ulimini. Uchungu ule hausahauliki ukishaulamba utotoni: sanamaki. Majani ya kuharisha, yale mama alikuwa akiwachemshia walipokula maembe machanga kupita kiasi. Akachukua pakiti nyingine, kisha nyingine. Zote.

Kitinda alimkuta hapohapo, sakafuni, amezungukwa na pakiti zilizokatwa. Alikuwa ametoka hospitali, amebeba chupa ya chai. Alipoona kitambaa, akageuza macho.

"Ni wewe," Nyuzi alisema.

"Dada, nisikilize kwanza."

"Nimeuliza ni wewe?"

"Hukuuliza, umesema." Kitinda akaweka chupa chini. "Ndiyo. Ni mimi. Wateja walikuwa wanarudisha, dada. Wanarudisha! Mtu anatumia wiki mbili, anachopata ni kujamba mbele ya wakwe zake. Wananitukana mimi, wewe uko huko nyuma na ndizi zako. Nikaweka kidogo tu, waone matokeo. Wakaona. Duka likajaa. Si ulifurahi?"

"Nilifurahi kwa sababu nilidhani ni unga wangu!"

"Ni unga wako. Nimeusukuma tu kidogo."

"Umeusukuma!" Nyuzi alinyanyuka. "Hawa watu nimewaambia walishe utumbo wao, wewe unaufagia kila siku kama uwanja. Kile ninachokijenga kwa miezi unakiharisha kwa usiku mmoja, halafu unabandika jina langu. Haya, hao ni wateja. Na mama? Mama anakula mlangoni kila asubuhi, kwenye hizi hizi pakiti. Ulimwona. Ulikuwa umesimama pale pale unatabasamu na wateja. Kitinda, mama yetu yule!"

Kitinda alianza kulia. Alilia vizuri, kama kawaida yake, lakini safari hii hakujali kufuta kamasi.

"Nilimwambia," alisema.

"Ulimwambia nani?"

"Mama. Nilipoona anakonda nilimfuata nikapiga magoti. Nikamwambia kila kitu, nikamwambia asile, ajifanye tumbo linamuuma asikae mlangoni. Akaniambia alikuwa ameshaijua ladha tangu kijiko cha kwanza. Akasema akiacha kula, wewe utauliza kwa nini, na utachimba mpaka ukute. Akasema, nyamaza, dada yako asijue. Nikasema nitaacha kuweka. Nilitaka kuacha, dada, wallahi nilitaka, lakini wateja..."

Nyuzi hakusikia yaliyofuata. Alikuwa anasikia kijiko kikigonga bakuli. Asubuhi zote zile. Mama alikuwa akipokea mdomoni kitu anachokijua, kutoka mkono wa mtoto asiyejua, na akameza. Hata pale wodini, akiwa na mpira wa maji mkononi, alikula vijiko viwili akimtazama usoni. Kwa kumficha, alimwacha aape kwa roho yake mbele ya daktari. Alimwacha apekue makoti. Wawili hawa walikuwa na lao, na yeye, mwenye duka, mwenye unga, mwenye mdomo wa kuhubiri, alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa ndani ya nyumba yake.

Usaliti wa Kitinda ulimuuma. Wa mama ulimtoa pumzi.

Alirudi hospitali kwa miguu, ingawa ni mbali, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na mtu yeyote. Mama alikuwa ameinuliwa kwenye mito, dripu inadondoka. Alipoona uso wa mwanawe tu alijua.

"Kitinda amekwambia."

"Kitambaa kimeniambia. Kitinda amemalizia." Nyuzi hakukaa. "Mama, kwa nini?"

"Ungemfukuza."

"Ndiyo, ningemfukuza! Siku hiyohiyo!"

"Sasa unaona?" mama alisema taratibu. "Yule akianguka tena hainuki. Mimi nimeshaishi. Tumbo langu ni langu, nilale nalo nijuavyo."

"Na mkono je, ni wa nani? Nimekulisha mimi, mama. Kwa mkono wangu. Ulipoanza kukonda nikakuongezea, ukanitazama. Ungekufa leo asubuhi pale mlangoni, ningekuwa nimekuua mimi na nisingejua. Hilo hukulifikiria?"

Mama akatazama dripu, akasema, "Usimwambie daktari."

"Lazima ajue ulichokula."

"Ameshajua ni cha kuharisha, inatosha. Kilikotoka hakimhusu. Watafunga duka, watamkamata mtoto. Nakuomba. Sijakuomba kitu maisha yangu yote."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuwahi kuomba, kwa sababu Nyuzi hutoa kabla ya kuombwa. Kwa kitambo Nyuzi aliyumba. Angeweza kunyamaza. Mama alikuwa anatibiwa, pakiti angezikusanya kimyakimya, Kitinda angepelekwa kwa shangazi, na asubuhi duka lingefunguliwa. Kisha akawafikiria walioko majumbani, wazee wa watu, wajawazito, wenye mioyo mibovu, kila mmoja na kijiko chake kwenye uji uliopoa kama alivyowafundisha.

Daktari akaingia, akapima mapigo, akauliza kwa sauti yake ileile, "Mmekumbuka lolote?"

"Ndiyo," Nyuzi akasema. "Ni sanamaki, daktari. Imo ndani ya unga wangu."

"Mwongo huyo," mama akadakia, na sauti ilitoka na nguvu ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Sanamaki nilikuwa nainunua mwenyewe. Naila kwa siri, mazoea ya zamani. Unga hauna kitu. Huyu ana wivu na mdogo wake tangu utotoni, anataka kumharibia. Usimsikilize."

Daktari alisimama na kalamu yake, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Nyuzi alibaki na neno moja. Wivu! Aliyemchukua, aliyempa ufunguo!

"Daktari," alisema, na machozi yakawa yanamtoka bila kelele, "mama anamlinda mtoto wake. Usimlaumu."

"Kwani wewe," daktari aliuliza taratibu, "si mtoto wake?"

Nyuzi alimgeukia mama yake, akamwachia swali. Alingoja kweli, kwa moyo wote, kama hajawahi kungoja kitu.

Mama alivuta shuka mpaka kifuani.

"Huyu ni mkubwa," alisema.

Nyuzi akafuta uso kwa kiganja. Akavuta kiti upande wa daktari, akakaa, akaanza kueleza: unga umewekwa nini, tangu lini, pakiti zimeuzwa mitaa ipi, na nani wa kutafutwa kwanza. Aliongea kwa sauti ya kusikika vizuri, na mama yake akageukia ukutani.